Maziwa ya Jioni

Wanafunzi ninaowasimamia hunijia na maswali ya aina moja. Jarida gani linachapisha haraka? Slaidi ngapi zinatosha dakika kumi? Nawajibu, ingawa nikiwa na njaa nawajibu vibaya. Usisome slaidi, watu wana macho. Jarida linalokuita msomi mtukufu kwenye barua pepe halijasoma hata mstari wako mmoja, futa hiyo barua. Andika madokezo ya nyanjani siku hiyo hiyo, kabla hujaoga. Lakini jambo ambalo hasa ningetaka walijue huwa naliruka, kwa sababu linanihusu mimi na mama mmoja wa Dundori, na bado linaniuma.

Nilikuwa nafanya shahada ya uzamili. Nilipanga chumba mtaa wa Free Area mjini, na kila asubuhi nilipanda vilima vya Dundori kuwauliza wakulima ng'ombe wao wanatoa maziwa kiasi gani. Dodoso langu lilisema niongee na mwenye boma, basi niliongea na wazee. Walinijibu vizuri, wengine wakanionyesha na kadi za kituo cha maziwa, ambazo mwenye kadi ndiye hulipwa. Majibu na kadi vililingana, nikafurahi mno. Nikaandika kwamba ng'ombe chotara wa pale hawalipi chakula wanachokula, na ni afadhali wauzwe. Jarida moja likaikubali makala. Mama yangu alikuwa ameshashona nguo ya mahafali.

Msimamizi wangu, mtu mgumu asiyeweza kusifu hata chai, alisema hatii sahihi chochote kabla sijawarudishia wakulima matokeo. Nilinung'unika wiki nzima, kisha nikaenda.

Tulikutana katika ukumbi wa kanisa, wanaume mbele, wanawake nyuma. Nilipomaliza, mzee mmoja alisimama akasema kama mambo ni hayo, ng'ombe wake atamuuza wiki hiyo hiyo. Mkewe alingoja watu watoke, akanivuta kando ya tangi la maji.

"Msichana wangu, hiyo ng'ombe ni mimi nakamua. Uliuliza nani?"

"Mzee, mama."

"Mzee anajua ya asubuhi. Ya asubuhi ndiyo inaenda dairy, na kadi ni yake. Ya jioni ni ya mama. Kwani kwenu ni nani hukaa na ya jioni?"

Kwetu ni Kaptembwo, mtaa wa mjini ambako maziwa hutoka dukani. Nilijua kupiga hesabu za kila namna, na sikujua kwamba ng'ombe hukamuliwa mara mbili kwa watu wawili tofauti. Akanieleza taratibu, bila kunicheka. Katika maziwa ya jioni yeye hutoa ya chai na ya ndama, na yanayobaki huwauzia majirani. Humo ndimo hutoka sare za watoto na mchango wake wa chama cha akina mama. Mzee haulizi, naye hamwambii.

"Rekebisha karatasi yako," alisema. "Isiniuzie ng'ombe."

Nikaahidi. Na hapo ilifaa ninyamaze, nirudi boma kwa boma, niwaulize akina mama wote, kisha niwasomee watu matokeo mapya ya eneo zima bila kumnyooshea mtu kidole. Lakini mimi kosa langu haliwezi kulala nami hata siku moja. Yule mzee alikuwa bado mlangoni akisalimiana na wenzake. Nikamfuata mbio.

"Mzee, usiuze. Nilikosea mimi. Ya jioni sikuhesabu, na ni mengi."

"Mengi aje?" aliuliza.

Nikamwambia yote: majirani wanaonunua, sare, hata chama. Nilijiona jasiri, msomi anayekiri kosa mbele za watu. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yangu na kiondo chake, akiangalia chini.

Makala niliiondoa jaridani. Nilirudi Dundori nikawauliza wanawake mmoja mmoja, jikoni kwao, na nguo ya mahafali ikakaa kabatini karibu mwaka mzima. Makala ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Ng'ombe hakuuzwa. Sehemu hiyo nimeisimulia kwenye semina nyingi, na watu hupiga makofi.

Sehemu nisiyoisimulia ni siku niliyowapelekea nakala. Ilikuwa jioni, na nilimkuta yule mama kando ya barabara na mkebe wa maziwa, akingoja pikipiki ya kituo cha maziwa.

"Siku hizi inachukua mara mbili," alisema. "Mzee alisema hata ya jioni iende. Kadi ni ile ile."

Sikujua niweke wapi uso wangu. Nikaanza kusema pole, kwamba nilidhani, kwamba sikufikiria.

"Ulitaka kusaidia, najua. Na ng'ombe iko."

Alijipangusa mikono kwenye leso aliyojifunga, akaipokea nakala kwa mikono miwili, akaitazama pale mbele penye jina langu. Kisha akauliza kama na lake limo ndani.

"Hapana, mama. Kwa utafiti tunaficha majina, ili mtu asiumie kwa yale aliyotuambia."

"Hiyo ni vizuri," alisema, na akamwinulia mwenye pikipiki mkebe.