Kiitikio cha Mama Elina

Kama kuna kitu Asteria alikidharau pale mtaani Picha ya Ndege kuliko vumbi la kiangazi, ni maombi ya mzee Herman. Na tusimlaumu haraka, maana maombi yenyewe yalikuwa ya kudharaulika kweli. Herman, karani mstaafu na mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaa tangu watu walipochoka kumpigia kura mtu mwingine, hakuwa anamwomba Mungu kitu. Alikuwa anampa taarifa. Alimweleza nani hakuonekana Jumapili, nani siku hizi anarudi nyumbani amelewa, mume wa nani ameonekana kituoni Kwa Mathias na mwanamke asiyejulikana. Yote hayo kwa sauti ya kulialia, jicho moja kalifumba na la pili kaliacha wazi kidogo, aone kama ujumbe umemfikia mhusika. Ungedhani huko mbinguni hawajui lolote mpaka Herman awapelekee.

Asteria alikuwa akimwambia jirani yake, mama Brighton, kwamba yule mzee haombi, anasengenya tu akiwa amepiga magoti. Akishasema hivyo alifyonya, na fyonyo la Asteria lilikuwa linasikika mpaka nyumba ya tatu.

Maana na Asteria naye alikuwa mtu na mdomo wake. Mwanamke wa Rombo, mjane, alihamia Pwani na mumewe, sasa marehemu, binti yao Elina akiwa bado mgongoni, akafungua genge la mboga, na kutoka nyuma ya zile nyanya zake akawa anawapima walimwengu wote na kuwaona hawafai. Kwaya inaimba kwa pua. Katekista anavaa viatu vya kubana ili aonekane mtu wa mjini. Wanawake wa jumuiya wanakuja kwa ajili ya chai. Lakini jumuiya hakukosa hata siku moja, kwa sababu kila mtu anajua kwamba usipohudhuria, siku ukifiwa utalia peke yako na kanisani utaulizwa wewe ni nani.

Basi akajitafutia njia. Herman akianza kuomba, Asteria aliyafunga masikio. Mwili ulibaki mkekani, akili ikaenda gengeni kupanga mchicha na kumsema kimoyomoyo aliyemuuzia bamia zilizokomaa. Mzee akifika kwenye "Ee Bwana", akili ilirudi mbio, na wote wanapoitikia "Twakuomba utusikie", yeye ndiye aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote, kwa ile sauti ya kuitana kutoka shamba moja la migomba hadi jingine. Mwaka baada ya mwaka. Alijiona mjanja sana. Mpumbavu aombe, sisi tuitikie, twende zetu tukanywe chai.

Sasa huyu Elina, mtoto wake wa pekee, alikuwa anauza makava ya simu Kwa Mathias, na kibanda cha pili kutoka chake alikuwepo Yahya, kijana wa Kisarawe anayeuza vipuri vya pikipiki. Wakapendana. Asteria alipoambiwa alibetua midomo wiki nzima, kisha akamtazama vizuri yule kijana, akatafuta kasoro, akakosa. Hilo lilimkera, lakini akakubali. Padri alishawaeleza taratibu za ndoa ya mseto. Yahya alishasema mkewe atabaki na dini yake na hakuna atakayemsumbua. Mzee Mwinyijuma, baba yake, naye hakuwa na neno. Aliyebaki ni mama, Mwanamkuu, na Mwanamkuu alisema posa haitoki Kisarawe mpaka yeye mwenyewe aingie kwenye nyumba hiyo, akae, awaone watu wake wakoje.

Siku waliyopanga kuja ikaangukia Jumamosi ambayo zamu ya jumuiya ilikuwa kwa Asteria. Alimfuata Herman akamwomba ahamishie sala nyumba nyingine. Herman akamjibu kwamba Neno haliahirishwi kwa ajili ya pilau. Asteria alimeza hilo tusi shingo upande, akawatumia wageni ujumbe waje mchana, sala zikiwa zimekwisha. Akaazima sufuria kwa Hajira, jirani yake wa Kiislamu, kwa kuwa za kwake zilikuwa zimeshaijua kitimoto, nyama ya nguruwe, na kuku akapeleka wakachinjwe na Mwislamu wa buchani, wageni wale bila wasiwasi. Tangu azaliwe hakuwahi kumwogopa mtu, na asubuhi hiyo alimwogopa mwanamke ambaye hata sura yake haijui.

Wageni wakapata gari la ndugu yao, wakafika mapema. Jumuiya imekaa chini ya turubai, Injili imeshasomwa. Elina akawaweka kwenye viti vya pembeni, akawaletea maji, na Asteria, aliyekaa karibu na mlango wa jiko, akawainamia kwa mbali. Watu wa heshima. Jumuiya ilipoinamisha vichwa, Mwanamkuu naye akavuta kanga yake mbele kidogo akainama, asionekane anashangaa ibada ya watu.

Herman akawaona. Akakohoa, akasimama, akaanza kuomba.

Na Asteria akafanya kama kawaida yake. Alikuwa amesikia harufu kama ya wali unaoshika chini, kwa hiyo safari hiyo akili haikwenda gengeni, iliingia ndani ya sufuria ya Hajira. Je, makaa yamezidi? Je, akiinuka sasa wageni watamwona hana adabu? Mzee analia huko, analia weee, mara "Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie!" akaitikia Asteria.

Sauti yake ilitoka peke yake. Turubai zima kimya, watu wameinama kama wanatafuta sindano. Elina, mwenye jagi mkononi, alikuwa anamwangalia mama yake.

Akamuuliza mama Brighton kwa mnong'ono, mzee kasema nini? Mama Brighton akamsogelea sikioni, akamweleza. Herman amemwombea Elina, kwa jina lake, kwamba Mungu amtoe kwenye giza analotaka kuolewa nalo, na hawa waliokuja leo kumteka awarudishe walikotoka mikono mitupu.

Asteria akasimama. Hakufumba macho.

"Tumwombee mwenyekiti wetu Herman," alisema, "ambaye kwa miaka yote hii ametuvua nguo mbele ya Mungu mmoja mmoja, na leo amewatukana wageni ndani ya nyumba yangu. Mungu ampe haya, maana hana hata chembe. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie!" Turubai lilitikisika. Walioitikia ni pamoja na mama Brighton, pamoja na katekista, na Herman mwenyewe kwa mazoea alifika nusu ya kiitikio ndipo akashtuka. Kulikuwa na watu waliocheka wazi. Asteria alisikia utamu wa jambo hilo mpaka kwenye meno.

Alipogeuka, viti vya pembeni vilikuwa vitupu. Aliwawahi barabarani, mzee Mwinyijuma akiwa ameshafungua mlango wa gari, Asteria akaanza kuomba radhi kwa ajili ya Herman, yule mzee asiye na akili.

"Yule mzee sina shida naye, sitaishi naye," Mwanamkuu alisema taratibu, bila hasira. "Ungekuwa mkwe mwenzangu wewe, mama Elina. Na aliyeitikia ni wewe."

Asteria akasema hakuwa anasikiliza. Akaapa. Akaeleza kwamba maombi ya Herman hakuna mtu mwenye akili anayeyasikiliza, kwamba yeye huitikia tu. Kadiri alivyoeleza, ndivyo alivyojisikia anazidi kuharibu. Mwanamkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa maji, akasema posa haitakuja. Gari likaondoka.

Huko nyuma Herman alikuwa ameshajikusanya, anatoa baraka ya kufunga, na watu wanasema amina wakichungulia pilau. Elina alikuwa amesimama kando ya barabara, jagi bado mkononi.

"Mama," alisema, "hata aliponitaja jina hukusikia?"