Farasi Aliyezoea Kasida

Tajiri wake alipokimbia mwaka wa Mapinduzi, Msabah na farasi aliyemtunza walibaki, wote wawili wakawa wa serikali. Kila asubuhi ofisa mmoja alimpanda farasi kule Mnazi Mmoja, kisha akamrudisha kwa Msabah, mnyama karowa jasho. Msabah alimtembeza polepole mpaka apoe, maana farasi wa moto akisimamishwa ghafla huweza kuumwa tumbo akafa.

Mkewe Sichana alikuwa Tanga kwao, amejifungua mtoto ambaye Msabah hajamwona.

"Ruhusa ya safari utaipata," ofisa alimwambia, "ila kwanza mfundishe kijana huyu, Duni, kazi yako."

Duni alijifunza upesi, wakitembea pamoja. Siku ya kujaribiwa peke yake alishika kamba akavuta. Farasi hakuinua hata ukwato.

"Kaka Msabah, huyu ana madaha kumshinda bibi harusi," Duni akasema.

Hapo Msabah akatambua kosa lake. Miaka yote alimtembeza huku akisoma kasida kwa sauti ya chini, kujiliwaza tu, na farasi alishazoea kwenda kwa sauti ile. Duni akajaribu kuisoma. Farasi akageuza masikio kumtafuta Msabah.

"Basi nyinyi wawili hamwachani," akasema ofisa aliyekuwa akitazama, akaenda zake bila kutoa ruhusa.

Msabah akaazimia asisome tena, ili farasi amzoee Duni. Farasi akabaki amesimama juani na jasho lake la mbio, mbavu zikimtetemeka. Duni alivuta, akabembeleza, akachoka. Mwisho Msabah akaipokea kamba, akaanza ubeti wa kwanza.