Sosi Isiyoonjwa

Mama mwenye mkahawa alikuwa Mhindi wa Kampala, mmoja wa wale waliofukuzwa wakatoka na sanduku moja. Hapa Birmingham, Barabara ya Coventry, alifungua mkahawa wa baga za kondoo, na badala ya sosi ya nyanya akaweka ukwaju, chatini ya nazi na achari ya maembe. Mafundi wa viwanda vya Tyseley walilamba mpaka karatasi. Mimi, Mkenya niliyekuja kusomea unesi nikashindwa, nilichoma nyama. Mama hakuigusa, dini yake ilimkataza nyama.

Wala hakuonja sosi zake. Kwa mila ya kwao chakula cha kwanza ni cha Mungu, na kila asubuhi alimtengea kidogo kabla mtu hajala. Mpishi akikitia mdomoni kabla, kimenajisika. Alipima kwa jicho na pua. Mimi na kiherehere changu nilionja kila asubuhi akigeuka, kwa kidole, roho juu juu. Haya nilikuwa nayo, msidhani sina. Ila niliona macho yake yameanza kuchoka.

Siku hiyo mwenye jengo alikuwa anakuja kula mchana, ndipo aamue kama atatuongezea mkataba au atatutoa. Mama alikuwa akifuta meza zilezile tangu asubuhi. Sikupata nafasi mpaka mchana, ndipo nikachovya kidole kwenye ukwaju. Salaale! Chumvi mahali pa sukari. Na bwana mwenyewe ameshakaa mezani, kofia mapajani.

"Mama, usimpelekee huo ukwaju. Umejaa chumvi."

"Umejuaje, binti?"

Ningeweza kusema nimenusa.

"Nimeonja."

"Leo?"

"Kila siku, Mama."

Alishika ukingo wa meza. Miezi minane alikuwa akimpa Mungu wake makombo yangu, na sasa alijua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hakunitukana, heri angenitukana. Alimwaga sufuria nzima, akapika ukwaju mwingine mbio mbio, huku mimi nikimzubaisha mgeni kwa chai. Kisha akaninyooshea kijiko, uso ameugeuzia ukutani.

"Onja."

Nikaonja. Ulikuwa sawa. Mwenye jengo alikula baga mbili, akatupa mkataba wa miaka mitano.

Kesho yake nilikuta sosi zote zimefungiwa kabatini kwa kufuli.

"Wewe kaa na nyama yako," aliniambia.

Nililia palepale jikoni, mafuta yakinirukia mikononi. Niliumia sana. Lakini siku ile ingerudi, ningeonja tena.