Sketi ya Mlinzi wa Bata

Katika kisiwa chetu, kaskazini mwa Norwe, Gunnvor alikuwa mlinzi wa bata kwa miaka arobaini na mmoja. Si bata wa kufugwa hao. Ni bata wa bahari kuu, hawamjui mtu, lakini kila Mei hutoka majini wakapanda mawe kwa miguu, wakipepesuka, mpaka kwenye vijumba alivyowajengea nyanya yake Gunnvor. Humo hutaga, hujinyonyoa manyoya laini ya kifuani wakayafunika mayai, kisha hulalia siku ishirini na tano karibu bila kula. Wakishaondoka, mlinzi huyasafisha manyoya yale kwa vidole, kidogo kidogo, majira yote ya baridi. Wakiwa wamelalia, hakuna kupaza sauti, hakuna mgeni, na mlinzi habadilishi nguo, maana bata huijua sketi kuliko sura.

Mwisho wa Machi, mwaka ule, Gunnvor alipasuliwa, akaondolewa kipande cha juu cha pafu la kulia. Saratani ilikuwa changa, naye akarudi akidhani yamekwisha. Wiki ya sita daktari wake, Bi Synnøve, akapiga simu.

"Tuliyoiona tumeitoa yote," alisema. "Lakini kwenye tezi moja tumekuta chembe zake. Kuna dawa ya dripu, mara nne, kila baada ya wiki tatu. Katika watu mia wenye hali yako, dawa huokoa kama watano zaidi. Wengine kisu kilishawaponya, na wengine ugonjwa hurudi hata kwa dawa."

"Na mimi ni yupi?"

"Sijui, Bi Gunnvor. Hakuna ajuaye."

Hakumficha madhara: kutapika, uchovu, masikio kuvuma, vidole kufa ganzi, pengine kwa maisha yote. Angeweza kuacha wakati wowote, ila kuanza kusingesubiri bata waangue. Daktari alitaka jibu Ijumaa.

Gunnvor alivitazama vidole vyake. Kisha akawafikiria wale watano. Kisiwa chetu chote hakizidi watu mia. Akajaribu kuwatoa watano kichwani, nyumba kwa nyumba, akashindwa. Kila aliyemfikia alimwona amesimama mlangoni, mzima, anacheka. Watano si wachache hata kidogo.

Lakini bata? Walikuwa wamekwisha kuanza kulalia.

"Nenda kwenye dripu," alisema Hallvard, mdogo wake, mvuvi mwenye sauti kama honi ya meli.

"Nong'ona, wewe! Na hawa nimwachie nani? Umesahau alipokufa mama? Nilikwenda kwa bata mahali pake na suruali yangu mpya, najiona msichana wa mjini. Vijumba kumi na tisa vilitelekezwa, mayai baridi kama mawe."

"Basi nipe sketi."

"Na hizo ndevu?"

"Nitazificha kwenye kitambaa chako. Ila watu wa feri wakiniona, dada, nahama nchi."

Alicheka mpaka mshono ukamuuma. Lakini sketi alimpa.

Alhamisi asubuhi alisimama dirishani. Chini ya ngazi alikuwa amelalia mayai bata mwenye jicho moja, anayekuja mwaka wa kumi na moja sasa. Hallvard akaja polepole, sketi ikimbana kiunoni, akapiga magoti kama mtu aliye kanisani, na kwa mara ya kwanza maishani kinywa chake kikanyamaza. Akanyoosha mkono, akasogeza mwani mkavu pembeni ya kiota.

Bata akainua shingo. Akamgeuzia lile jicho moja, akamtazama kwa muda mrefu. Pumzi iliyombakia Gunnvor ilisimama. Ndege akainuka kidogo, kifua chake kitupu, ngozi tupu aliyojinyonyoa mwenyewe. Akayageuza mayai kwa mdomo, akakaa tena.

Hakuruka.

Gunnvor alibaki ameshika fremu ya dirisha. Miaka arobaini na mmoja amewatazama, na bado hakuwa amewazoea.

Hakungoja Ijumaa. Akachukua simu.

"Mbona unanong'ona, Bi Gunnvor?" aliuliza daktari. "Unaumwa?"

"Wamelalia," akanong'ona. "Ninakuja. Vidole vikianza kufa, nitakwambia, tutaongea upya. Lakini ninakuja."

"Jumatatu basi," akasema Bi Synnøve, na yeye pia akawa ananong'ona.