Mume Wangu Alimjibu Mkubwa "Sawa"

Miaka ile ya vita vya Iraki, hospitali yetu hapa Birmingham ilikuwa na wodi ambapo ungekuta majeshi matatu kwenye kitanda kimoja. Wa nchi kavu anafunga bendeji, wa majini anapima presha, wa angani anaandika. Mimi nilikuwa wa nchi kavu. Nilimaliza kidato cha nne Nakuru, nikaja Uingereza, jeshi likanifunza kushona vidonda na kuweka dripu. Mume wangu alifunzwa kazi hiyohiyo, ila na jeshi la majini, akawa anakaa Portsmouth, mbali huko bandarini kusini. Mtoto wetu alikuwa hajaanza hata kutambaa.

Kila jeshi lilipeleka watu wake wa tiba kwenye hospitali mbalimbali kwa mafunzo, na kila jeshi lilipanga kivyake. Nikiwauliza wetu kuhusu mume wangu, jibu ni, "Huyo si wetu." Yeye akiwauliza wao kuhusu mimi, jibu ni hilohilo. Tungekuwa jeshi moja wangetuweka pamoja bila kelele. Nilichoka. Mtu unaoa na kuolewa halafu unaishi kama mjane mwenye simu.

Tukakubaliana: mimi nimeshaanza kozi Birmingham, basi naye aombe Birmingham. Mkubwa wake akamwita. Alipotoka huko akanipigia.

"Wanataka nibaki Portsmouth. Miaka miwili."

"Ukasema nini?"

"Nikasema sawa, afande."

"Ulisema sawa?"

"Sasa ningesemaje? Mzee ana mvi zake. Anakuuliza kama una shida, unamwambia hapana sitaki, usoni? Nilipanga nitume mtu."

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mkubwa akisema neno, hulikatai papo hapo. Unaitika, unatoka, halafu unamtuma mjomba au mzee wa kanisa aende akaeleze polepole kwamba kijana amebanwa kidogo. Na mkubwa mwenyewe anamngoja huyo mtu. Lakini hao wa majini hawakuwa wanangoja mjomba yeyote. Walisikia sawa, wakafunga mambo.

"Unamtuma nani?" nikamwuliza. "Mjomba wako apande ndege kutoka Kisii?"

Nikamkatia simu.

Mtaani kwetu, Balsall Heath, kulikuwa na mama wa Kizanzibari aliyenilelea mtoto nikiwa kazini. Nilimsimulia huku nimekasirika, akacheka mpaka kanga ikamvuka begani.

"Mumeo huyo mwanamaji au mwali? Anaona haya kukataa?" Kisha akanyoosha mikono. "Nipe mtoto. Nenda kaseme wewe, mwanangu, usimngoje."

Yule mkubwa mwenye mvi alikuwa na desturi ya kuja Birmingham kuwaangalia mabaharia wake wodini. Niliposikia amekuja, nikasimama koridoni. Sajenti wangu akanifuata mbio.

"Huendi kwa mkubwa wa jeshi lingine moja kwa moja. Pitia kwangu."

"Nimepitia kwako tangu nikiwa na mimba, sajenti."

Akasogea kando, akanipisha.

"Afande," nikamwambia yule mzee, "mimi ni mke wa yule kijana wako wa Kenya. Alikuambia sawa kuhusu Portsmouth. Hayuko sawa hata kidogo."

"Nilimwuliza kama ana shida," akasema. "Nilimwuliza mara mbili."

"Hapo ndipo ulipoharibu. Mkubwa akiuliza mara ya pili, sisi tunajua ni amri."

Akanitazama, akakuna kidevu. Hakukasirika. Alisema nafasi ya Birmingham bado iko wazi, lakini yeye hahamishi mtu kwa maneno ya mkewe. Kijana apige simu mwenyewe kabla ya Ijumaa. Asipopiga, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Mume wangu alikuja na treni kabla ya siku hiyo, uso umemshuka.

"Si umeshamwambia? Umeniaibisha, mama."

"Aibu ni mtoto wako akikuona analia kama ameona daktari wa chanjo. Piga."

Alisimama wima katikati ya sebule, akafunga kifungo cha shati, ndipo akapiga. Akaanza kwa kumjulia hali mzee. Akauliza habari za familia yake. Kisha nikamsikia, "Kuhusu Portsmouth, afande, ni mahali pazuri sana..." Nikajisogeza mpaka pua yangu ikakaribia simu. Mtoto nilikuwa nimembeba.

Akamtazama mtoto.

"Hapana, afande. Sitaki kubaki. Nataka kuwa na mke wangu na mtoto."

Akasikiliza. Akasema ndiyo, ndiyo, asante. Akakaa kwenye kochi kama mtu aliyetolewa damu.

"Amesemaje?"

"Naanza mwezi ujao. Wodi iliyo juu ya yenu. Zamu zako za mchana, mimi nitakuwa wa usiku."

Maana yake tungepishana mlangoni. Lakini mlango ungekuwa mmoja. Nikamkabidhi mtoto, nikamwonyesha maziwa yalipo, nikavaa buti zangu nikaenda kazini.