Kifaa Changu cha Kuokoa Maji ya Choo

Mimi shule niliachia darasa la sita, lakini nusu ya vyoo vya Kitale vimepita mikononi mwangu. Kwa hivyo nilipounda kifaa cha kufanya tangi la choo litoe lita mbili badala ya tisa, sikuona haja ya kuuliza mtu wa diploma. Nilikijaribu wiki nzima kwa vipande vya tishu. Vyote vilishuka.

Kanisa moja huko Bungoma, nyumbani kwa mke wangu, lilikuwa linajenga vyoo ishirini. Mzee wa kanisa akaniambia, "Funga kimoja tuone. Kikishinda, vyote ni vyako."

Nikafunga. Jumapili ibada ilipoisha, akina mama wakapanga laini mlangoni. "Ngojeni," nikasema, "mwenye kifaa afungue kwanza." Asubuhi hiyo nilikuwa nimekula ugali wa jana na maharagwe.

Nikavuta. Maji yakapita kwa adabu, kazi yangu ikabaki palepale. Nikangoja tangi, nikavuta tena, halafu tena.

"Fundi," mzee akauliza kutoka nje, "si hizo ni lita sita sasa, bana?"

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe wangu. Kwa mila yetu, mimi na yeye hatusalimiani hata kwa mkono, na neno lake hunifikia kupitia mtu mwingine.

"Mwambieni mkwe wangu afungue mlango kidogo tu," akawaambia wenzake. "Nimemletea ndoo mbili za maji."