Waya Zenye Uzi Mwekundu

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha. Ufundi wa simu sikuusomea. Niliupata hapa kituo cha simu cha Karatu kwa kumtazama Mzee Tluway mikononi, na mtu akimsema vibaya huyo mzee, mimi nakunja ngumi. Sasa simu zikawa zinakatika ovyo, tukasikia mkaguzi anakuja kutoka Arusha, na mzee huenda akaachishwa kazi.

Asubuhi ile mzee alipotoka kumpokea mgeni, nikafungua kabati la mitambo nimbadilishie waya mbovu. Nikakuta kumi na mbili zimefungwa uzi mwekundu. Kwetu Loliondo, ng'ombe aliyepakwa rangi mnadani ndiye anayeondoka. Nikajua hizo ndizo za kutolewa, nikazikata zote, nikaunga waya za redio mbovu.

Mkaguzi akainua simu. Kimya. Akajaribu tena, kimya.

"Mzee, umechoka. Kapumzike nyumbani."

Damu ikanipanda. "We bwana, usimwonee! Mzee leo hajagusa kitu. Waya mbovu nimezitoa mimi, zile za uzi mwekundu!"

Mzee akashika kichwa. "Mwanangu, hizo ndizo mpya. Nilizifunga uzi nisizichanganye na mbovu."

Mkaguzi akaanza kuandika. "Kumbe mitambo inashikwa na mtu ambaye hata kusomea hajasomea! Nani kamruhusu?"

Mzee akavua kofia yake, akajibu taratibu, "Mimi."